Kadi ya grafiki isiyovuma kwa studio ya Linux

Studio yangu ni chumba kimoja hapa Tanga. Nikirekodi gambusi huzima kiyoyozi, na hapo ndipo maiki inaposikia kila kitu. Muda mrefu niliilaumu feni ya prosesa. Siku moja nikafungua kasha la kompyuta, nikavaa hedfoni, nikabonyeza taratibu kitovu cha feni ya kadi ya grafiki kwa ncha ya kidole, mbali na panga zake. Mvumo ukakatika. Nikaachia, ukarudi. Anza na jaribio hilo kabla hujatoa hela.

Ukishajua ni kadi, jiulize kwanza kama unaihitaji. Ardour, programu ninayorekodia, inachora mawimbi na mita tu, haichezi gemu. Prosesa yenye grafiki ya ndani inatosha: chomoa kadi, chomeka skrini kwenye ubao mama, basi. Ila soma jina vizuri, maana Intel zinazoishia na F hazina grafiki, na Ryzen za AMD nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 hazina kama jina halina G.

Prosesa yangu haikuwa na grafiki, nikatafuta kadi isiyo na feni kabisa, yenye bati la kupozea tu. GT 1030 ya Nvidia inakula wati 30 na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Niliiacha GT 710 ingawa bei yake ni rahisi, kwa sababu draiva (programu za kuendeshea kadi) za Nvidia kwa kadi hiyo ziliishia mfululizo wa 470.

Draiva ndiyo inayosahaulika. Ya Nvidia inakaa nje ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa hiyo kwa kila kerneli mpya lazima draiva ijengwe upya, na kwenye kerneli ya PREEMPT_RT, ile ya kazi zisizovumilia kuchelewa, hugoma mpaka uilazimishe. Za AMD na Intel zimo ndani ya kerneli yenyewe, na ukipata AMD ndogo iliyo kimya, chukua hiyo. Mimi naitumia GT 1030 kwa nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya kerneli. Inakwenda polepole, lakini skrini mbili inazibeba bila shida na haipati moto sana.

Joto la pwani lisikudanganye: kadi isiyo na feni bado inataka hewa. Nimeacha feni moja kubwa mbele ya kasha, inazunguka polepole, na joto naliangalia kwa amri ya sensors kila baada ya kipindi kirefu cha kurekodi.

Jambo jingine: kadi huja na sauti yake ya HDMI, na JACK, programu inayopitisha sauti, inaweza kuifungua hiyo badala ya kifaa chako cha kurekodia. Kichague kwa jina, usitumie namba.

Mwisho weka baffa (akiba ndogo ya sauti) ya fremu 128 kwa kasi ya fremu 48000 kwa sekunde, yaani kama milisekunde 2.7. Anza kurekodi, huku unaburuta madirisha, unakuza na kupunguza mawimbi, unahesabu xrun, yaani kila mara sauti inapokatika kwa kuchelewa. Hesabu ikibaki sifuri nusu saa nzima, funga kasha.