Sokota kolajeni kwa nyuzi za katani

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hukariri vizuri kwamba asidi za amino zinazojenga protini zetu ni za umbo la L, la "mkono wa kushoto". Ukiwauliza hilo lina faida gani, kimya. Ndiyo maana siku hizi mada hii naianza na kamba inayoiga kolajeni, mojawapo ya protini za mwili. Sisi wa Tanga katani hatuitafuti mbali. Ulipo wewe, uzi mnene wa pamba utafaa.

Andaa nyuzi tatu za urefu wa mita moja hivi, na mmoja utie rangi ya ukili ili uufuatilie kwa macho. Katani ilowanishe kidogo, maana ikiwa kavu inachoma vidole. Zifunge zote pamoja kwenye msumari, fundo likaze kwelikweli.

Sasa watu watatu, kila mmoja na ncha yake, wautazame msumari na kuzungusha ncha kuelekea upande wa mshale wa saa, huku wakivuta. Acheni pale uzi unapoanza kujikunja ukilegezwa. Uchunguze kwa karibu: michirizi yake imelala kama mstari wa kati wa herufi S. Huo ni msokoto wa kushoto.

Bila kulegeza, fungeni ncha tatu pamoja, ning'inizeni kufuli, kisha mwachie. Kufuli litazunguka lenyewe na nyuzi zitajisuka kuwa kamba moja, ila michirizi ya kamba hiyo italala kama ya herufi Z. Nyuzi za kushoto zimezaa kamba ya kulia.

Kolajeni ya ngozi, kano na mifupa yako ina mpangilio huohuo, kama walivyopendekeza wanasayansi G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha kule Madras, India, katikati ya miaka ya 1950. Kila mnyororo wa asidi za amino umejisokota kushoto, na mitatu kwa pamoja inazunguka kulia; upana wake ni kama nanomita 1.5, urefu kama 300. Kila asidi ya amino ya tatu ni glisini, ambayo haina kulia wala kushoto. Ni ndogo mno, hivyo inaenea katikati pale minyororo inapobanana.

Msidanganyike na kufuli, lakini. Kamba inasukumwa na nguvu mliyoiweka kwa vidole. Kwenye kolajeni hakuna anayesokota: umbo la L na ugumu wa prolini, asidi nyingine ya amino, ndivyo vinavyoulaza mnyororo kushoto, halafu vifungo vya haidrojeni vinashika mitatu pamoja.

Rudieni zoezi, safari hii uzi mmoja msokotwe kinyume. Kufuli litazunguka kivivu, kamba itatoka na mizunguko michache, na ule mkaidi utajikunja kivyake. Sehemu hii msiiruke hata kipindi kikibana, maana ndiyo inayojibu lile swali la faida. Kwenye kolajeni, asidi ya umbo la D, la "mkono wa kulia", ikiingizwa katikati ya zile za L, uimara hushuka sana. Hata hidroksiprolini (prolini iliyoongezewa oksijeni), ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa vitamini C (ukiikosa, kiseyeye), lazima oksijeni yake ikae upande wake; wanakemia wakiihamishia upande wa pili, minyororo hushindwa kushikana.

Mwenye jiko asiishie kwenye kamba. Chemsha kongoro kwa moto mdogo mpaka gundi itoke, chuja supu, acha ipoe usiku kucha. Moto huachanisha minyororo ya kolajeni iliyomo kwenye kongoro; ikipoa, baadhi ya vipande hujisokota tena vitatuvitatu, na supu inaganda ikitikisika. Ipashe, itayeyuka, ipoze, itaganda tena. Chumvi tia mwishoni, ukishamaliza kuichezea, maana hiyo bado ni supu ya watu.