Kutendua na kurudia: jinsi ya kurudi nyuma bila kupoteza ulichoandika

Kazi yangu ni kuwachapia watu: barua za LC1 (serikali ya kijiji), maombi ya kazi, bajeti za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), mikataba ya vibanja, yaani viwanja. Chumba chetu kiko upande wa Nasser Road, hapa Kampala. Karibu kila kijana anayekuja kwetu kujifunza hufika akiijua Ctrl+Z, vitufe vya kutendua ulichofanya mwisho. Kurudi nyuma wanaweza, kurudi mbele ndiko kunakowashinda.

Nitatumia programu ya kuandikia ya LibreOffice Writer kwa sababu ni ya bure na ndiyo iliyo kwenye mashine zetu. Kama una Word, vitufe ni vilevile.

Hatua ya 1. Fungua faili tupu, isiwe kazi ya mteja. Andika mistari mitatu, ukipiga Enter baada ya kila mmoja: "Mimi ninauza kibanja", "kilichopo Bombo", "kwa hiari yangu". Kisha chagua neno "hiari" na ubonyeze Ctrl+B likolee.

Hatua ya 2. Shika Ctrl, gusa Z mara moja tu. Neno linaacha kukolea, maneno yenyewe yanabaki. Endelea kugusa na mstari wa tatu utaanza kuondoka. Utaona hauondoki herufi moja moja, kwa kuwa programu hukusanya herufi ulizoandika mfululizo na kuzihesabu kama tendo moja. Ukubwa wa kipande hutofautiana kati ya programu moja na nyingine, kwa hiyo usikikandamize kitufe kama honi ya boda. Gusa, tazama, gusa tena.

Juu kuna mshale uliojipinda kuelekea kushoto. Kando yake pana kimshale kidogo kinachofungua orodha ya matendo yako, la mwisho likiwa juu. Ukichagua la tano, yote matano yanatenduliwa kwa pamoja. Writer kwa kawaida hukumbuka hatua 100. Notepad ya zamani, ile programu ndogo ya maandishi ya Windows, ilikumbuka moja tu, na ukigusa Ctrl+Z mara ya pili ilikurudishia lile kosa ulilotoka kulifuta. Ile ya Windows 11 hukumbuka nyingi.

Hatua ya 3. Sasa bonyeza Ctrl+Y, yaani kurudia, mpaka yote yarudi. Kwenye Mac kwa kawaida ni Command+Shift+Z, na kwenye baadhi ya programu za Linux ni Ctrl+Shift+Z.

Wanafunzi huwa ninawapa mfano wa chapati za muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Kila tendo ni chapati inayowekwa juu ya rundo la kushoto. Ukitendua, chapati ya juu inahamia rundo la kulia. Ukirudia, inarudi kushoto. Lakini ukiandika kitu kipya, hata nafasi moja tupu, rundo lote la kulia linatupwa.

Hilo la mwisho nililijua kwa aibu. Mzee mmoja alikuja na mkataba wa kibanja, nikauchapa ukurasa mzima. Kisha akasema aya ya mipaka ilikuwa nzuri zaidi kabla sijaibadilisha. Nikagusa Ctrl+Z mara nyingi hadi nikaifikia, na nikiwa ninamwonyesha, kidole kikagusa kitufe cha nafasi. Nikabonyeza Ctrl+Y, kimya. Mzee akachungulia kioo: "Mwanangu, mashahidi wangu wameenda wapi?" Nikaanza upya kutoka kwenye karatasi yake ya mkono, naye akingoja kwenye benchi.

Hatua ya 4 basi ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Kusogeza kishale, kuchagua maneno na kunakili kwa Ctrl+C havibadilishi maandishi, kwa hiyo havigusi rundo la kulia. Unapotaka kitu cha zamani:

Rudi kwa Ctrl+Z hadi ukione. Kichague, ukinakili. Usiandike chochote. Rudi mbele kwa Ctrl+Y mpaka mwisho kabisa, ambapo ule mshale wa kurudia unafifia. Hapo ndipo ubandike kwa Ctrl+V.

Lijaribu sasa hivi kwa ile mistari mitatu: futa "kilichopo Bombo", andika "kilichopo Jinja", ongeza mstari wa nne, halafu uirudishe Bombo bila kuupoteza huo wa nne.

Na ukiharibu kama nilivyoharibu mimi? Ukitendua ile nafasi, utabaki palepale ulipokuwa. Usihifadhi juu ya faili ya zamani. Kama uliwahi kuihifadhi, funga bila kuhifadhi, uifungue tena, na utakuta kazi yako kama ilivyokuwa mara ya mwisho ulipohifadhi.

Hatua ya 5, kubadilisha maneno kwa mkupuo. Mteja alitaka jina Ali liwe Hassan kila mahali. Msichana tuliyekuwa tukimfundisha akaamuru yote yabadilishwe, na "alikubali" ikawa "HassankubHassan". Alitaka kusahihisha moja moja. Hapana! Amri hiyo yote, hata kama imebadilisha sehemu mia, ni tendo moja: Ctrl+Z moja, imekwisha. Kisha rudi kwenye kisanduku cha kutafuta, weka tiki kwenye kuzingatia herufi kubwa na ndogo na kwenye neno zima pekee. Kwa Kiswahili usiiruke hiyo tiki ya pili.

Hatua ya 6, kabla ya kufunga. Ukifunga faili, marundo yote mawili yanaondoka, na umeme ukikatika ni vilevile. Writer inaweza kukurudishia maandishi baada ya umeme kukatika, lakini si njia uliyopitia kuyafikia. Ndiyo maana kabla ya mabadiliko makubwa ninahifadhi nakala kwa jina jingine: kibanja-1, kibanja-2. Waandishi wa programu wanaotumia Vim, programu yao ya kuhariri maandishi, wana nafuu: u hutendua, Ctrl+R hurudia, na tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010 amri ya set undofile huihifadhi historia hiyo kwenye diski, ukaikuta kesho. Sisi wa mikataba tunabaki na kibanja-1 na kibanja-2, na zote mbili ninazinakili kwenye flashi kabla mteja hajalipa.