Ukiletewa mtu wa kifungo cha nje: vile mi humsimamia, hatua kwa hatua

Juzi mwalimu mkuu mmoja wa huku kwetu Kisauni, Mombasa, kanipigia simu saa moja asubuhi, sauti imemkauka. "Mzee, nimekuta vijana wawili getini wana karatasi ya korti, sasa nawafanya nini?" Nikamwambia watie ndani wakae kivulini, usimtangazie mtu walikotoka, halafu mtume mtu dukani akanunue kitabu kikubwa cha mistari. Nikakata simu nikajua si yeye peke yake, kuna wengi wanaletewa watu na hawajapewa hata nusu saa ya maelezo, ndo nimekaa naandika.

Mi si ofisa wa probesheni, wale wanaofuatilia watu wa korti walio nje ya jela. Mi ndo nasimamia usafi na uwanja kwenye zahanati ya umma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiletewa hawa watu kufyeka, kupaka rangi, kuzibua mitaro, kila kitu.

Hatua ya 1: jua umeletewa nini

Kwetu kila kitu twaita kifungo cha nje ila kuna vitu viwili hapo. Mtu wa probesheni anaripoti kwa ofisa wake na kushauriwa, si lazima afanye kazi. Huyu wako ni wa huduma kwa jamii, sheria ya Kenya namba 10 ya 1998, yaani korti imeona kosa lake lingemfaa kifungo cha miaka mitatu kushuka chini, ikaamua badala ya kumpeleka jela ya Shimo la Tewa akalale na kula bure, afanye kazi ya umma bila malipo huku analala kwake. Kuna mtu aliniuliza kama ni sawa na ile ya Marekani, mfungwa anatoka jela asubuhi anaenda kibaruani jioni anarudi selo. La, ile ni kitu chengine, ile ilianza zamani kule Wisconsin mwaka 1913 na yule mfungwa analipwa mshahara. Wetu halipwi, na jioni hakuna mlango wa kumfungia. Wa kwetu tumeiga zaidi Zimbabwe, wao walitangulia mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Sasa shika hapo kwa mlango maana ndo kiini. Jela ina ukuta na askari na kufuli. Wewe huna hata kimoja, una kitabu tu cha kuandika siku na saa zake. Ukikiharibu kile kitabu basi yule mtu hajafungwa na wala hajaachiliwa, yuko hewani, na korti imedanganywa kwa sahihi yako.

Hatua ya 2: hakikisha una kazi, na kazi yenyewe ni ya umma

Kabla hujamwambia ofisa ndio, zunguka uwanja wako uandike kazi za miezi mitatu. Sheria yenyewe imetaja aina zake, barabara za umma, kupanda miti, mazingira, maji, ukarabati wa shule na hospitali za umma, nyumba za mayatima. Mtu akija akakosa cha kufanya atakaa chini ya mwarobaini siku nzima acheze simu, na kesho atachelewa, keshokutwa haji, na kosa litakuwa lako.

Na ya umma ni ya umma. Mahali nilipokuwa kabla ya hapa kulikuwa na mkubwa mmoja, akiona watu wa korti wamefika anawachukua wawili anawapakia kwa gari wanaenda kwake kuosha mazulia na kuchimba shimo la choo, mi nikiulizwa niandike "usafi wa jumla". Niliandika mara mbili. Ya tatu nikakataa, nikanuniwa mwaka mzima hata chai ya ofisini ikawa hainifikii, lakini tangu siku ile nalala usingizi.

Hatua ya 3: siku ya kwanza

Chukua karatasi ya korti usome yote, usisome juu juu. Jina lilingane na kitambulisho, namba ya keisi, oda imesema saa ngapi au siku ngapi au miezi mingapi, inaanza lini, na simu ya ofisa anayemhusu. Kama kuna kitu hakieleweki piga simu hapo hapo mbele yake, usikisie hesabu, maana mtu aliyepewa saa 120 ukimhesabia kwa miezi utamuonea au utampunguzia. Piga picha ile karatasi kwa simu.

Halafu kaeni mzungumze, wawili tu. Mi husema hivi: mimi si askari, sijui na sitaki kujua sana umefanya nini, hapa utaitwa kwa jina lako, kazi inaanza saa mbili, ukipata shida niambie kabla si baada. Muulize anakaa wapi na anafikaje. Akiwa wa Likoni, ng'ambo ya maji, ujue kivuko cha miguu ni bure lakini asubuhi ule umati wa feri si mchezo, anaweza toka nyumbani saa kumi na mbili na bado akachelewa, na huku Kisauni tena atake nauli ya matatu. Huyo mimi humwambia ofisa moja kwa moja, huyu atafutiwe kazi upande wake wa maji. Usione haya kusema, nauli ndo inatorosha watu zaidi ya ukaidi.

Muulize pia ujuzi wake. Watu hawaulizi hili wallahi nashangaa. Niliwahi pewa kijana aliyeshikwa na bangi kidogo, nikampa fyekeo wiki mbili, kumbe ni fundi wa bomba wa kweli, na sisi tanki letu lavuja tangu mvua za masika. Alilitengeneza kwa siku mbili. Na fundi akipewa kazi yake ya fundi anaamka mapema mwenyewe.

Wafanyakazi wenzako usiwaambie kosa lake. Wataulizana, waache waulizane. Siku moja mhudumu mmoja alimwita mama wa watu "mama mnazi" mbele ya wagonjwa kwa sababu alijua alishikwa akiuza pombe ya mnazi bila leseni, yule mama akaweka ufagio chini akaenda zake. Ilinichukua siku mbili na safari moja mpaka kwake Mtopanga kumrudisha, nimeketi jamvini namwambia mamangu tafadhali.

Hatua ya 4: kitabu

Hapa nitakaa kidogo.

Kila mtu na kurasa zake. Chora safu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi aliyofanya, sahihi yake, sahihi yako, na safu ya mwisho pana kidogo ya maneno. Kazi iandike kwa jina, "kazi mbalimbali" haina maana yoyote, andika "amepaka chokaa ukuta wa nyuma mpaka dirisha la pili". Ofisa akija ghafla, na huja ghafla, hasemi ni lini, ataangalia ukuta na kitabu kama vinaongea lugha moja.

Saini siku ile ile. Si jioni ya Ijumaa kwa wiki nzima, na hasa hasa usisaini ya kesho. Nasema hivi kwa sababu nilifanya. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu Lamu, basi la alfajiri, nikaona kijana wangu ni mzuri hajakosa hata siku moja, nikamsainia Ijumaa yake Alhamisi jioni, kuingia saa mbili kutoka saa saba, amefyeka nyuma ya maabara, sahihi zote mbili. Ile Alhamisi usiku kijana akakamatwa kwenye maskani kwa ugomvi, akalala selo na Ijumaa akashinda selo. Jumatatu ofisa anakuja na habari hiyo anafungua kitabu, kijana wangu kwa wakati mmoja yuko selo na yuko nyuma ya maabara anafyeka. Sikuwa na neno. Ofisa hakunipigia kelele, alinitazama tu akaniuliza, "Na hizi nyengine zote nazo?" Zile nyengine zote zilikuwa za kweli, siku 31 za jasho la yule kijana, na kwa sahihi yangu moja ya uongo zikawa hazina mtu wa kuziamini. Ilibidi niende mwenyewe kueleza. Alisamehewa zile siku zikahesabiwa, lakini ilikuwa kwa huruma tu.

Ukikosea kuandika kata mstari mmoja ili chini pasomeke, weka sahihi pembeni. Usitumie rangi nyeupe ya kufutia, hiyo inanuka wizi kwa mbali.

Hatua ya 5: saa na siku

Saa panga na ofisa, usijipangie. Ijumaa mi huachia wanaokwenda msikitini saa sita, saa zile zafidiwa siku nyengine na zinaandikwa hivyo. Ramadhani kazi nzito iwe asubuhi mapema, jua la Mombasa la saa saba na mtu kafunga utamuua bure. Mwenye kibarua chake au biashara ndogo usimvunjie, akikosa ugali wa watoto atarudi kulekule kulikomleta kwako.

Na kuna hawa vijana wetu wa unga, yaani heroini, walio kwenye methadoni, ile dawa ya kuwasaidia kuacha. Huku tunao wengi. Wengi wao wanakunywa dozi kila siku mbele ya mhudumu, kliniki, sasa ukimwambia saa mbili kamili na dozi ni saa mbili umemwambia achague. Waanzishe saa tatu au nne. Asubuhi kabla ya dozi mwili wamuuma, haongei, wengine wanadhani ni kiburi.

Hatua ya 6: kazi yenyewe

Fupi. Gambuti na glavu kwa mitaro, usimpe mtu panga halafu ukaondoka hujui yuko na nani, usimpandishe juu ya paa, taka za sindano na damu za zahanati asiguse kabisa hiyo ni kazi ya waliofunzwa. Mama mwenye mtoto mchanga mpe kazi ya kukaa na kivuli. Akiumia apate huduma kwanza, kisha kwenye kitabu na simu kwa ofisa siku ile ile.

Chakula sasa. Mi sijawahi kuona bajeti ya chakula wala nauli kwa hawa watu hata siku moja, na mtu hafyeki na njaa. Sisi wafanyakazi huchanga mbaazi na mahamri saa nne na wao wanakula na sisi, sufuria moja. Hii si malipo, ni ubinadamu. Lakini mkono usigeuke, yaani yeye asikulishe wewe. Inaanza na dafu, "ami kunywa, jua kali". Kesho samaki. Keshokutwa ni noti imekunjwa ndani ya kitabu na siku yake haipo. Dafu lenyewe likatae kwa kucheka, ndo rahisi, noti ukishaifikia haichekeki tena.

Hatua ya 7: asipokuja

Siku ya kwanza mpigie yeye. Hapatikani, mpigie wa nyumbani aliyekupa namba yake. Mara nyingi ni mgonjwa au kuna matanga. Andika "hakuja" kwenye kitabu na sababu, usiache mstari mtupu, mstari mtupu huwa unajazwa baadaye na watu wenye roho nzuri kama mimi wa ile harusi.

Siku ya pili bila habari, ofisa ajue kabla ya saa sita mchana. Hapo wengi wanashindwa, wanaona wanamchongea kijana. La, ofisa akijua mapema anamfuata nyumbani anaongea naye, akijua baada ya mwezi hana la kufanya ila kurudisha faili kortini. Na kortini hakimu anaweza kumuonya tu, au kuibadilisha oda, au kuifuta na kumpa kifungo. Hayo matatu ni ya hakimu. We usimtishe mtu na jela, huna hiyo nguvu na yeye ashajua huna.

Akihama nyumba pia lazima aseme.

Hatua ya 8: siku ya mwisho

Jumlisha saa mara mbili, mara moja wewe mara moja yeye, na mkipishana rudini mwanzo. Saini, mpigie ofisa aje afunge, na hakikisha barua ya kumaliza imefika kule inakotakiwa. Yeye mwenyewe apewe nakala. Sisi humpa na soda, basi.

Na kitabu usikitupe. Miaka miwili baada ya yule fundi wa bomba kumaliza, dadake kaja mbio mchana, kijana kashikwa barabarani anaambiwa alitoroka kazi ya korti, na nakala yake ya barua ilishaliwa na mvua. Mahali fulani karatasi haikufika. Nikapanda juu ya kabati la chanjo nikashusha vitabu vinne, cha tatu ndo chake. Kona zimeliwa na mende lakini ndani yote yasomeka: tarehe, kuingia, kutoka, "ameziba tanki", sahihi yake na yangu. Nikapanda tuktuk nacho mapajani kama mtoto. Jioni alikuwa kwao.