Kutoka shawa ya umeme hadi hita ya jua: mwongozo wa fundi kwa nyumba za nyanda za baridi

Kila mwaka inapofika Juni, baridi ya Mbeya ikishakolea, simu ninazopokea huanza na swali lile lile: tangi la lita mia mbili ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la haki, ila limekuja kabla ya wakati wake. Katika kazi ya kufunga hita za jua kuanzia Mbeya hadi Njombe na Makete nimeona mitambo ya bei kubwa ikishindwa kwa sababu ya mabomba yaliyopangwa vibaya, na nimeona mitambo ya kawaida kabisa ikihudumia familia kwa miaka kwa sababu fundi alipima vimo na umbali kabla ya kupanda juu ya paa. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe, na tangi linanunuliwa katikati ya kazi, si mwanzoni.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu ya maji na umeme

Ipo kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye nyumba aijue. Chukua idadi ya lita, zidisha kwa nyuzijoto unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa 860. Jibu ni uniti za umeme zinazohitajika. Tuchukue familia ya watu watano, kila mmoja akioga lita 30 za maji ya nyuzijoto 40, na maji ya simtanki asubuhi yakiwa na nyuzijoto 15. Lita 150 mara 25, gawanya kwa 860, unapata takribani uniti 4.4 kwa siku, yaani uniti 131 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu joto linalopotea njiani.

Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, alilipa shilingi 292 kwa uniti bila kodi, kwa hiyo kuoga peke yake kuligharimu takribani shilingi 38,000 kwa mwezi. Kwa mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo ya nyumbani, athari ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu uniti 75 za kwanza zilitozwa shilingi 100 kila moja na zilizozidi hapo zilitozwa shilingi 350. Maji ya kuoga pekee yalitosha kumvusha mpaka huo hata kabla ya kuwasha taa.

Usitegemee hesabu ya karatasi tu. Soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU kabla mtu hajaingia bafuni, zima vifaa vingine vikubwa, kisha soma tena akitoka. Shawa ya umeme ya wati 5,500 inayotumika dakika 10 hula karibu uniti moja. Andika matokeo ya siku tatu nne, kwa kuwa utayahitaji mwishoni.

Hatua ya pili: punguza kabla ya kubadilisha

Kinga maji ya shawa kwenye ndoo ya lita 10. Ikijaa chini ya dakika moja, kichwa cha shawa kinamwaga maji mengi kuliko unavyohitaji, na kukibadilisha kwa kinachotoa lita 6 hadi 8 kwa dakika ni kazi ya bisibisi, spana na tepu nyeupe. Kama tayari una hita ya tangi ya umeme, shusha themostati hadi nyuzijoto 60. Usishuke zaidi ya hapo kwa tangi linalohifadhi maji, kwa sababu bakteria aina ya Lejionela hustawi katika maji ya uvuguvugu.

Wapo wateja ambao nimewashauri waishie hapa. Mtu mmoja anayeishi kwenye nyumba ya kupanga na kuoga mara moja kwa siku hana sababu ya kutoboa paa la mwenzake.

Hatua ya tatu: chagua aina na ukubwa

Sokoni utakuta aina mbili kuu za hita za jua. Ya kwanza ni ya bapa, yaani sanduku lenye kioo juu na mabomba ya shaba ndani. Ya pili ni ya mirija ya kioo yenye kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati. Bapa ni imara na huvumilia mengi, lakini kwa maeneo ya jalidi kama Makete na nyanda za Kitulo maji yaliyomo kwenye mabomba yake membamba yanaweza kuganda usiku na kuyapasua, isipokuwa ukinunua ile inayozungusha kimiminika kisichoganda. Mirija hustahimili baridi vizuri zaidi kwa kuwa ule uwazi usio na hewa huzuia joto lisitoroke. Kwa Mbeya mjini natumia zote mbili. Kwa Makete natumia mirija.

Ipo pia pampu ya joto, ambayo hufanya kazi kama jokofu lililogeuzwa: huvuta joto la hewani na kulisukuma kwenye maji, na kwa uniti moja ya umeme inaweza kutoa joto la uniti tatu hivi hewa ikiwa na joto la wastani. Ni chombo kizuri kwa hoteli na majengo yenye vivuli, lakini kwa nyumba ya kawaida yenye paa linalopata jua sioni haja ya kuinunua.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba maji ya tangi huchanganywa na ya baridi. Ili kupata lita 150 za nyuzijoto 40 unahitaji takribani lita 83 tu za nyuzijoto 60, zinazobaki ni za baridi. Tangi la lita 150 kwa hiyo linawatosha watu watano na kubakiza akiba kwa siku ya mawingu. Tangi la lita 300 kwa familia hiyo hiyo ni fedha iliyolala juu ya paa.

Hatua ya nne: pima vimo

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na naomba msomaji asiipite haraka.

Hita nyingi za mirija zinazouzwa kwa bei nafuu hazikutengenezwa kuhimili mgandamizo. Tangi lake lina bomba la kupumulia ambalo lazima libaki wazi siku zote, maji yanapopanuka yapate pa kutokea na yanapochotwa hewa ipate pa kuingilia. Niliwahi kuitwa kutazama tangi lililokuwa limebonyea ndani kama kopo lililokanyagwa. Fundi aliyetangulia aliunganisha simtanki moja kwa moja na hita, na kwa kuwa simtanki lilikuwa juu kuliko mdomo wa bomba la kupumulia, maji yakawa yanadondoka juu ya mabati usiku na mchana. Dawa aliyoiona ni kuliziba bomba hilo kwa plagi. Asubuhi ya kwanza watu walipofungua shawa, maji yakatoka, hewa ikakosa njia, na tangi likajikunja.

Njia sahihi ni kuweka tangi dogo la kulishia lenye boya kando ya hita, likipokea maji kutoka simtanki na kuyapitisha kwa usawa ambao hita inauhitaji tu. Kitako cha simtanki kiwe juu ya boya hilo, nusu mita hadi mita moja. Hita yenyewe iwe angalau mita mbili juu ya kichwa cha shawa, kwa sababu kila mita ya kimo hutoa mgandamizo wa sehemu moja tu ya kumi ya baa (kipimo cha mgandamizo), na chini ya hapo utaoga maji yanayodondoka.

Kisha angalia chanzo cha maji baridi ya bafuni. Yakitoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, yatakuwa na nguvu kuliko ya moto na yatayarudisha nyuma kupitia kwenye koki ya kuchanganyia. Mwenye nyumba atalalamika kwamba hita haipashi, kumbe inapasha vizuri ila maji yake hayashuki. Yote mawili, moto na baridi, yatoke kwenye simtanki moja.

Hatua ya tano: iweke mahali pake juu ya paa

Tangi la lita 150 likijaa, pamoja na chuma chake, huweza kuzidi kilo 200. Liweke juu ya ukuta au pale kenchi zinapoegemea ukuta, kamwe si katikati ya papi. Elekeza mirija kaskazini. Mbeya ipo karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri huwa limeinamia kaskazini kwa digrii 32 hivi kutoka utosini, kwa hiyo mwinamo wa digrii 20 hadi 30 hulipokea vyema wakati ule ule wa baridi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati kwamba Juni na Julai ni miezi mikavu yenye anga jeupe. Wenzetu wa Arusha na Moshi hupata baridi yao pamoja na mawingu, na wao watategemea zaidi yetu koili ya umeme, yaani kipashio cha akiba kilicho ndani ya tangi.

Hatua ya sita: fupisha na ufunike mabomba

Bomba la plastiki la PPR la milimita 25 hubeba takribani lita moja katika kila mita tano. Hita ikiwa mita 20 kutoka bafuni, lita nne za maji baridi zitamwagika kila mtu anapofungua koki, na lita nne za moto zitabaki njiani zikipoa. Kwa hiyo iweke hita juu ya bafu, hata kama mahali hapo hapapendezi ukitazama kutoka barabarani, na tumia bomba la milimita 20 pale kimo kinaporuhusu. Mita ya kwanza kutoka kwenye tangi natumia bomba la shaba au la chuma la GI, kwa kuwa siku ya jua kali maji hukaribia kuchemka. Baada ya hapo PPR ya maji moto inatosha. Bomba la PVC la maji baridi lisitumike kabisa, litalegea. Funika njia yote ya moto kwa sponji ya mabomba, na sehemu inayopigwa na jua izungushiwe tepu ya alumini, la sivyo sponji itamumunyuka.

Kama kuna watoto au wazee, ongeza valvu ya kuchanganya inayozuia maji kuzidi nyuzijoto 45 hivi. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Hatua ya saba: koili, na kujaza mara ya kwanza

Koili ya akiba ya wati 1,500 ifungwe na fundi umeme aliyesajiliwa, ikiwa na saketi breka yake, waya wa ethi na swichi inayokata umeme unapovuja. Muhimu zaidi ni saa ya kuiwasha. Ukiiacha imewashwa siku nzima, tangi litakuwa la moto tangu alfajiri na jua halitakuta kazi ya kufanya. Weka kipima saa kiiruhusu kuanzia saa kumi na moja jioni tu, na swichi ibaki imezimwa siku za jua.

Jaza mfumo asubuhi kabla jua halijapanda, au usiku. Mirija mitupu iliyokaa juani inaweza kuvuka nyuzijoto 200 kwa ndani, na maji baridi yakiingia ghafla kioo hupasuka. Kama umechelewa, ifunike kwa turubai na usubiri jioni.

Hatua ya nane: matunzo

Futa vumbi la kiangazi kwenye mirija, na kila mwaka mwaga matope yaliyotuama. Kama tangi lina fimbo ya magnesiamu, ifungue kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na ikiwa imeliwa hadi waya wa katikati, nunua nyingine kabla kutu haijahamia kwenye tangi. Mrija ambao chini yake rangi ya fedha imegeuka nyeupe umeingiza hewa, nao hubadilishwa peke yake.

Baada ya miezi mitatu toa ile karatasi ya siku za kwanza na usome mita upya. Kama uniti hazijapungua kwa kiasi kinachokaribia hesabu yako, anza kwa kukagua kipima saa cha koili, kisha sponji ya mabomba, kisha ile koki ya kuchanganyia. Mirija iache iwe ya mwisho kushukiwa.