Dodoma hadi Songwe kwa ndege: kukokotoa umbali na muda wa safari

Anayetafuta umbali wa anga kati ya Dodoma na Mbeya aanze kwa kuandika jina sahihi la uwanja. Ndege za Mbeya hutua Songwe, uwanja ulioanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2012 badala ya ule wa zamani wa mjini, na ambao, licha ya jina lake, hauko katika Mkoa wa Songwe bali Mbeya, takribani kilomita 20 kutoka jijini kwa barabara ya Tunduma.

Hesabu yenyewe haihitaji programu yoyote. Uwanja wa Dodoma uko digrii 6.17 kusini mwa ikweta na digrii 35.75 mashariki, wa Songwe uko digrii 8.92 kusini na digrii 33.27 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 2.75, na ya longitudo ni 2.48. Zidisha kila tofauti kwa 111, kwa kuwa digrii moja ni karibu kilomita 111, kisha ile ya longitudo uizidishe tena kwa 0.99, kwani mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Utapata kilomita 305 kuelekea kusini na 273 kuelekea magharibi, nazo ni pande mbili za pembetatu mraba. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu unakuwa kilomita 409 hivi. Kwa barabara, kupitia Iringa na Makambako, ni takribani kilomita 600.

Ndege ya pangaboi ya aina ya Q400 hukata kilomita 600 hivi kwa saa ikishatulia angani, hivyo kilomita 409 ni dakika 41. Ongeza dakika 15 hadi 20 za kutembea ardhini, kupanda na kushuka, nawe umefika kwenye saa moja.

Saa hiyo moja, hata hivyo, ni ya ndege inayokwenda moja kwa moja. Tazama ratiba ya siku yako kabla ya kuitegemea, maana mara nyingi abiria hupitishwa Dar es Salaam: kilomita 390 kuelekea mashariki, kisha 690 kurudi kusini-magharibi, jumla 1,080, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya njia iliyonyooka. Muda wa hewani peke yake hukaribia saa mbili na nusu, na anayeamua urefu wa safari ni kusubiri katikati. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, utachukua mzigo wako Dar es Salaam na kuukabidhi upya. Mimi huacha saa tatu, na sijapata kuzijutia.

Saa za tiketi nazo zisomwe kwa uangalifu. Palipoandikwa 07:00 ni saa 1 asubuhi, na 13:10 ni saa 7 na dakika 10 mchana. Wapo wanaoiona 07:00 wakafika uwanjani saa 5, ndege ikiwa imeondoka zamani. Muda wa kufika ulioandikwa huishia ndege inapoegeshwa, kwa hiyo anayekwenda Mbeya mjini aongeze walau saa moja ya kupokea mizigo na ya barabara, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya malori ya Tunduma.