Kupima ESBL kwa klavulanati katika maabara za Mwanza

Asidi ya klavulaniki ikiwa peke yake haina nguvu ya maana ya kuua bakteria. Inachofanya ni kunasa kwenye beta-laktamasi, kimeng'enya kinachovunja penisilini na sefalosporini, na kukizima moja kwa moja. Dawa iliyoambatana nayo ikishasalimika, inaendelea na kazi. Jaribio la diski mbili la kutafuta ESBL (beta-laktamasi ya wigo mpana, inayovunja hata sefalosporini kama sefotaksimu) limejengwa juu ya tabia hiyo: sefotaksimu tupu upande mmoja, sefotaksimu yenye klavulanati upande wa pili, kisha rula inaamua.

Anza na agari, jeli ya kuoteshea bakteria. Mwanza iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kwa sababu hiyo, otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) inayosomwa kwa geji tu ikiwekwa paundi 15 kwa inchi ya mraba haifiki nyuzi 121. Inaishia kama 119. Ipandishe hadi paundi 17 hivi, au bora uamini kipimajoto chake, kwa dakika 15. Agari ya Mueller-Hinton ikipoa hadi nyuzi 45 mpaka 50, mimina mililita 25 katika sahani ya milimita 90, juu ya meza iliyonyooka, upate kina cha milimita 4. Agari nyembamba hutanua maduara (eneo kuzunguka diski ambako bakteria hawaoti), nene huyabana.

Chota makoloni (vishada vya bakteria) machache yaliyoota usiku mmoja, yakoroge kwenye salini hadi ukungu ulingane na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu cha kulinganishia), na upake sahani ndani ya dakika 15. Kamulia swabu ukutani mwa chupa kwanza. Paka pande tatu, ukizungusha sahani nyuzi 60 kila mara. Weka diski za sefotaksimu maikrogramu 30 na seftazidimu maikrogramu 30, na kila moja pacha wake mwenye klavulanati maikrogramu 10. Kati ya kitovu na kitovu ziache milimita 24 au zaidi. Diski ikishagusa agari usiisogeze, kwa kuwa dawa imeanza kupenya papo hapo. Inkubeta iwe nyuzi 35, saa 16 hadi 18.

Hapa kwenye diski ndipo majibu mengi yanapoharibika. Klavulanati huoza haraka ikikutana na joto na unyevu, na hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. Ukitoa kopo kwenye friji na kulifungua hapo hapo, utaona vijitone vya maji vikijikusanya kwenye ukuta wa ndani. Vijitone hivyo vinakula klavulanati huku sefotaksimu ikibaki nzima. Matokeo yake, pacha wawili wanatoa maduara yanayolingana, na bakteria sugu anaandikwa hana ESBL. Acha kopo likae mezani saa moja likiwa limefungwa, ndipo ulifungue. Akiba ikae nyuzi 20 chini ya sifuri, za matumizi ya wiki zikae friji la nyuzi 2 hadi 8 pamoja na silika jeli. Umeme ukikatika usiku, asubuhi pima kidhibiti (bakteria wa kulinganishia ambaye jibu lake linajulikana) kabla ya sampuli yoyote. Diski zinazovuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, zisafiri ndani ya kibebeo cha baridi, kopo likiwa kwenye mfuko mkavu uliofungwa.

Diski zenye klavulanati zikikosekana, zitengeneze. Yeyusha miligramu 11.9 za klavulanati ya potasiamu (chumvi hii ni nzito kuliko asidi yenyewe, na wengi husahau kufidia) katika mililita 10 za bafa ya fosfeti ya pH 6.0, hapo unapata maikrogramu 1,000 za asidi kwa mililita. Kama poda si safi kabisa, fidia pia kwa kiwango kilichoandikwa kwenye cheti chake. Dondosha maikrolita 10 juu ya diski ya sefotaksimu au seftazidimu, subiri dakika 30 ikauke, tumia mara moja. Zinazobaki zitupwe. Myeyusho unaweza kugandishwa kidogo kidogo kwa nyuzi 70 chini ya sifuri.

Pima kwa nyuma ya sahani. Duara likiongezeka milimita 5 au zaidi kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili, ESBL ipo: 12 kwa sefotaksimu tupu na 21 kwa pacha wake ni jibu la wazi. Kidhibiti cha Klebsiella pneumoniae ATCC 700603 kitoe nyongeza ya 5 au zaidi kwa seftazidimu, na 3 au zaidi kwa sefotaksimu. Escherichia coli ATCC 25922 isizidi 2. Klebsiella hii ikishindwa kufika, usitoe majibu ya siku hiyo hata kama wodi inapiga simu.

Kuna sugu ambazo klavulanati haiziwezi. AmpC, beta-laktamasi ya aina nyingine, haizimwi nayo, tena katika bakteria wa Enterobacter klavulanati inaweza hata kuichochea, na hivyo kuficha ESBL iliyo nyuma yake. Rudia kwa sefepimu tupu na yenye klavulanati, maana sefepimu huvumilia AmpC vizuri zaidi. NDM, kimeng'enya kinachovunja hata meropenemu, nayo hutumia zinki, na klavulanati haina pa kuinasa. Maduara yakiwa madogo pande zote mbili, pima meropenemu kabla ya kuandika kwamba hakuna ESBL.