Bromelia ya sebuleni: maji ni ya kikombe, si ya mchanga

Wapenzi wa maua, leo tuongee bromelia, ile inauzwa kwa naseri za kando ya barabara hapa Nairobi ikiwa na ua jekundu ama la manjano limesimama katikati kama mshumaa. Unainunua ikiwa inang'aa, unaifikisha kwa nyumba, miezi miwili baadaye ukiivuta inatoka mkononi imeoza shina. Wengi wanaoniuliza shida yao ni hiyo moja, wanamwagilia mchanga kila asubuhi vile wanamwagilia sukuma.

Sasa elewa huyu mgeni ametoka wapi. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi tunazouziwa huko msituni zinaishi zimeshika matawi ya miti, hazijui mchanga, mizizi kazi yake kubwa ni kujishikilia tu, maji zinakunywa na majani. Angalia pale katikati majani yanapokutana, hapo ndio kikombe, mvua inaingia, majani makavu na wadudu wanaangukia humo wanaoza, na mmea unafyonza hiyo supu kupitia vigamba vidogo sana vilivyo juu ya majani. Nanasi pia ni bromelia, hili hili la Thika, ukiangalia vile majani yake yamejipanga kwa duara utaona undugu mara moja, tofauti ni kwamba nanasi limezoea kuishi chini na mizizi yake inafanya kazi kweli.

Kwa hivyo maji weka kwa kikombe, robo hivi inatosha, mchanga uguse kwa kidole na uupee kidogo tu ukishakauka juu. Halafu kila wiki inamisha poti kwa sinki, mwaga yale maji ya zamani yote, suuza, weka mapya. Tafadhali hii usiruke hata kama umechoka, maji yakikaa yananuka na mbu anataga humo, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuwa siku 7 mpaka 10 tu, na kwa nyumba yenye mtoto mdogo hiyo si kitu ya kuchezea.

Ploti nyingi zinatumia maji ya borehole na mengi yako na chumvi, utaona ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia na kikombe kinashika mstari mweupe. Maji ya mvua ndio dawa. Mvua za Aprili na Novemba weka karai kwa balkoni, ujaze mitungi uweke akiba.

Mchanga mweusi wa hapa kwetu, ule wa kushikana kama udongo wa chungu, usiutumie kabisa. Changanya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), pamisi (vijiwe vyepesi vya volkano vyenye vitundu) na vipande vidogo vya makaa, maji yapite haraka, na poti iwe ndogo.

Mwanga nao, majani ndio yanakuambia. Zile za majani laini bila miiba kama guzmania zinataka mwanga wa kivuli, mbali kidogo na dirisha, lakini za majani magumu yenye miiba kama ekimea na neorejelia zinavumilia jua la asubuhi, na neorejelia ikikosa mwanga ule wekundu wake unapotea inarudi kijani. Kumbuka pia jua la Nairobi linahama, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba linapiga madirisha ya kaskazini, miezi ile mingine linapiga ya kusini, kwa hivyo mahali palikuwa sawa Disemba panaweza kuchoma majani Juni.

Baridi ya Juni mpaka Agosti ndio inaua nyingi. Usiku unashuka mpaka digrii 12 hivi na mawingu hayatoki, maji baridi yakikaa kikombeni moyo unaoza, so hiyo miezi acha unyevu kidogo tu na usiku isogeze mbali na kioo.

Mbolea, ile ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati wa joto. Na dawa za ukungu zenye shaba, zile watu wanapulizia nyanya na kahawa, usizilete karibu, shaba ni sumu kwa bromelia.

Kitu kimoja kinaumiza watu roho ni ua. Linakaa miezi kadhaa, likinyauka mama, yaani ule mmea uliotoa ua, hatoi lingine, anaanza kufa polepole, na wengi wanatupa wakidhani wamekosea. Hujakosea, ndio maisha yake. Ngoja kando ya shina, watoto watatokea, na usiwe na haraka ya kuwatoa maana bado wananyonya, mtoto akifika theluthi ama nusu ya urefu wa mama ndio unamkata na kisu safi, unaacha kidonda kikauke siku moja, unampanda kwa poti yake. Atachukua miaka 2 ama 3 kutoa ua. Akikomaa na bado amekataa, mwaga maji ya kikombe, mfunike na karatasi ya plastiki pamoja na tofaa lililoiva kwa siku 7 mpaka 10, ile hewa ya tunda kuiva inaamsha ua, halafu mfunue, mrudishie maji na umpe kama miezi 2 ama 3 hivi uanze kuchungulia kikombe.